Jina Katika Daftari: Vibarua wa Bonde la Kilombero na Vyama Vyao

Shamba la miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa. Moto hula majani makavu, huwakimbiza nyoka na panya, na kuacha mabua yamesimama, meusi kwa masizi. Asubuhi na mapema wakataji huingia mistarini na mapanga yao. Anayeijua kazi hii huinama mpaka chini, maana sukari nyingi iko kwenye shina karibu na udongo, na kisiki kirefu ni sukari iliyoachwa shambani. Hukata, huondoa kilele, hulaza muwa kwenye fungu, husogea hatua moja, huinama tena. Ikifika saa nne masizi yamechanganyika na jasho, na huwezi kumtambua mtu kwa sura.

Muwa uliokwisha kuchomwa hausubiri. Ukilala shambani siku chache sukari yake huanza kuharibika, na kiwanda kikishawashwa kila saa ya kusimama ni hasara. Kwa hiyo mkata miwa, mwenye malipo duni kuliko karibu kila mtu katika tasnia nzima, ndiye anayeshika mahali ambapo shughuli yote inaweza kukwama. Wenye viwanda wanalijua hilo tangu zamani, na wakataji pia. Kwa nini basi nguvu hiyo imezaa chama imara mara chache hivyo katika Bonde la Kilombero? Nikiifuata historia ya bonde hili naona jibu moja likijirudia: kila kipindi chama kilijengwa kumzunguka mtu wa ajira ya kudumu, mwenye jina katika daftari la mwajiri, huku kazi nzito ikibebwa na mtu wa msimu aliyefika mvua zinapokatika na kuondoka masika yanapoanza.

Bonde lililotoa watu, 1905–1954

Kabla ya miwa, Kilombero haikuwa nchi ya mashamba makubwa. Wandamba walivua samaki na kulima mpunga kwenye mbuga zinazofurika, Wambunga na Wabena walikuwa na vijiji vyao, na Wapogoro waliishi huku na kule hadi milimani Mahenge. Utawala wa Wajerumani ulileta kodi na kazi za shokoa. Agosti 1905 Vita vya Maji Maji vilipofika bondeni, boma la Mahenge lilizingirwa na maelfu ya wapiganaji kutoka pande zote za bonde. Vita viliisha kwa kuchomwa ghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Waingereza walipochukua nchi, kodi ilibaki, na fedha ya kuilipa haikuwepo bondeni. Vijana wa Ulanga, kama wenzao wa Songea na Njombe, walikwenda kuitafuta kwenye mkonge wa Kilosa, Morogoro na Tanga. Huko walikutana na kipande: kadi ya siku 30 za kazi, ambapo siku isiyokamilika haikuhesabiwa na mwezi haukuwa mwezi mpaka kadi ijae. Sheria ya mwaka 1923 iliyosimamia mabwana na watumishi wao Waafrika ilifanya kuvunja mkataba wa kazi kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mtu aliyeacha kazi katikati aliweza kupelekwa mahakamani. Mwaka 1944 wenye mkonge walianzisha ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, iliyosafirisha watu kwa malori na treni kutoka mikoa ya mbali. Waliosafirishwa hivyo ndio manamba.

Chama cha wafanyakazi hakikuwepo, lakini hilo halimaanishi kwamba hapakuwa na mshikamano. Watu walitoroka pamoja. Walipeana habari kambini juu ya shamba lenye nyapara mkali na shamba lenye posho inayoliwa, na mwenye shamba aliyesemwa vibaya alikosa watu msimu uliofuata. Vikundi vya ngoma na vya watu wa kwao vilizika wafu na kuuguza wagonjwa. Naamini hapa ndipo mizizi ilipo: manamba alijipanga kwa njia ya ukoo, kambi na safari, kwa sababu hizo ndizo alizoondoka nazo shamba moja kwenda jingine.

Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na reli hadi bara. Kwa mara ya kwanza watu wa Morogoro na Kilosa waliona kwamba mgomo unaweza kusafiri.

Chama cha mashambani, 1955–1962

Oktoba 1955 lilizaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza. Tom Mboya wa Kenya alikuwa amekuja kuwashauri, na ushauri wake ulikuwa wa kupanga wafanyakazi kwa sekta nchi nzima badala ya vyama vidogo vidogo vya kila kazi na kila mji. Kwa makarani, madereva na watu wa bandari mpango huo ulikwenda haraka. Mashambani ulikwama mlangoni.

Mlango wenyewe ndio uliokuwa tatizo. Kambi ya mkonge ilikuwa mali ya mwenye shamba: nyumba yake, njia yake, kisima chake. Mratibu wa chama aliyeingia bila ruhusa alikuwa mvamizi. Ndani ya kambi kulikuwa na watu wa makabila mengi, wengi wakiwa na mikataba ya muda mfupi, na mtu anayehesabu miezi ya kurudi nyumbani haoni upesi faida ya kulipa ada ya chama. Chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba, ambacho Victor Mkello alikuja kuwa kiongozi wake mkuu, kililazimika kutafuta njia nyingine. Kilianza na wale waliokaa: makarani, mafundi wa korona (mashine ya kuchakata mkonge), madereva wa matrekta. Hao walijua kusoma, walijua hesabu za mishahara, na walikuwa wa kwanza kuona pale karani alipokosea kwa makusudi.

Waajiri nao waliunda baraza la pamoja la tasnia ya mkonge, lenye wawakilishi waliochaguliwa shamba kwa shamba, wakitumaini wafanyakazi wataona hawana haja ya chama. Chama kililipinga kwanza. Baadaye kilifanya jambo la busara zaidi: kiliwafanya wanachama wake wagombee viti na kuvishinda. Baraza lililokusudiwa kukizuia likawa ukumbi wake. Wakati huohuo migomo ya mashambani iliongezeka. Ule wa Mazinde, mwaka 1958, ulionyesha kwamba watu wa kambini wanaweza kuvumilia majuma mengi bila mshahara, wakila cha shambani na cha jamaa. Mwaka 1960 Tanganyika nzima ilikuwa na migomo zaidi ya 200, na siku za kazi zilizopotea zilikaribia milioni 1.5. Sehemu kubwa ya siku hizo ilitoka mashambani, kwa watu ambao miaka mitano tu nyuma waliambiwa hawawezi kupangika.

Msolwa, 1960–1964

Katika mwaka huohuo wa migomo, Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianza kuinuka kwenye kingo za Ruaha Mkuu, chini ya milima ya Udzungwa. Mitaji ilitoka kwa IFC, tawi la Benki ya Dunia, shirika la maendeleo la Uingereza la CDC, na Uholanzi. Uendeshaji walipewa HVA wa Amsterdam, kampuni iliyokuwa na mashamba Java mpaka Waindonesia walipoitaifisha, na ambayo ilikuwa imekwisha kujenga kiwanda cha sukari Wonji, Ethiopia. Kiwanda cha Msolwa kilianza kutoa sukari mwaka 1962, na tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi likasogezwa hadi Kidatu.

Bonde lililokuwa likitoa watu sasa likaanza kuwapokea. Walikuja kutoka Njombe, Iringa, Mbeya, Songea na Dodoma. Tangu mwanzo walikuwa makundi mawili. Kiwandani kulikuwa na watu wa kudumu: mafundi wa mitambo, wachemshaji sukari, watunza mizani, wenye nyumba na matibabu. Shambani kulikuwa na wapandaji, wapaliliaji na wakataji waliolala kambini na kulipwa kwa kazi waliyomaliza. Kundi la kwanza lilikuwa na mwaka mzima wa kukutana, kuchagua viongozi na kudai. Kundi la pili lilikuwa na msimu.

Wakati Msolwa inapata moto wake wa kwanza, mlango wa siasa ulikuwa unafungwa. Sheria za mwaka 1962 ziliweka migogoro ya kazi chini ya usuluhishi wa lazima kiasi kwamba mgomo halali ulikuwa karibu hauwezekani, na zikampa waziri uwezo mkubwa juu ya vyama. Serikali ya nchi changa ilisema wafanyakazi wa mshahara ni wachache na wakulima ni wengi, na kwamba ukuaji hauwezi kusubiri madai ya wachache. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini haikumgusa kibarua wa shamba, ambaye kwa kipato alikuwa karibu zaidi na mkulima maskini kuliko na karani wa mjini. Januari 1963 Mkello na mwenzake Shehe Amiri walipelekwa kizuizini Sumbawanga kwa kuchochea migomo ya mashambani. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Viongozi wengi wa vyama walikamatwa katika msukosuko huo, TFL ikavunjwa, na Februari Bunge likapitisha sheria ya chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa Waziri wa Kazi pia.

Makato bila sauti, 1964–1985

Ni haki kusema NUTA ilileta nini. Ada ilikatwa kwenye mshahara, kwa hiyo chama hakikuhangaika tena kukusanya senti kambini. Sheria ya usalama wa ajira ya 1964 iliweka kamati za wafanyakazi, na meneja hakuweza tena kumfukuza mtu kwa hasira ya asubuhi. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulianzishwa mwaka huohuo. Kwa fundi wa Msolwa haya yalikuwa mafanikio makubwa, naye hakuyasahau.

Mkataji wa msimu alipata makato, na faida kidogo. Kamati ilikutana mwaka mzima, yeye hakuwepo mwaka mzima. Chama kisichohitaji kumwendea mtu ili kupata ada yake huacha kumwendea kabisa, na hilo ndilo badiliko kubwa ninaloliona mwaka 1964, kubwa hata kuliko kupotea kwa haki ya kugoma. Waratibu waliokuwa wakipenya kambini usiku kwa jina la chama cha Mkello hawakuwa na sababu ya kupenya tena.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni iliingia mikononi mwa serikali. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulilaani viongozi wenye kiburi na dharau kwa walio chini yao, na wafanyakazi wa viwanda vingi mijini waliuchukua neno kwa neno, wakawafungia mameneja nje. Bondeni kulikuwa na jambo jingine. Kati ya mwaka 1970 na 1975 reli ya TAZARA ilijengwa kupitia Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, na bwawa la umeme la Kidatu likajengwa juu kidogo ya miwa. Ghafla kijana mwenye mikono miwili alikuwa na waajiri watatu. Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, Uholanzi na Denmark, ilijenga kiwanda cha pili Ruembe, ng'ambo ya mto, kilichoanza kazi katikati ya miaka hiyo ya 1970. Miwa iliongezeka, watu wa kuikata wakapungua.

Kuanzia hapo, na zaidi baada ya vita vya Kagera bei zilipopanda na duka kubaki tupu, wakulima waliona mpunga wa Kilombero unalipa kuliko panga. Watu hawakuja. Miwa ilibaki shambani bila kukatwa. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi ililazimisha kila mwenye nguvu awe na kazi inayotambulika, na watu wasio na kazi mijini wakasombwa kupelekwa vijijini na mashambani. Kwa mtu aliyesikia babu yake akisimulia shokoa, hili lilikuwa na sura ya kutisha. Nasema kutokuja kulikuwa mgomo. Ulikuwa mgomo wa watu walionyimwa mgomo, na uliwafikisha wenye mashirika ya umma kwenye meza ya kufikiri upya malipo ya ukataji zaidi kuliko kikao chochote cha JUWATA, jumuiya iliyochukua nafasi ya NUTA mwaka 1978 na kuwekwa moja kwa moja chini ya CCM.

Julai 1986

Mwaka 1986 ulikuwa mgumu kila mahali. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa na miezi michache Ikulu, na serikali ilikuwa katika mazungumzo ya mwisho na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Shilingi ilikuwa inashuka thamani. Mshahara wa mwezi haukumaliza juma.

Mwezi Julai wafanyakazi wa Kampuni ya Sukari ya Kilombero walikusanyika kudai malipo yao. Kikosi cha Kutuliza Ghasia kililetwa, kikafyatua risasi. Wafanyakazi wanne waliuawa na wengine wakajeruhiwa.

Hakuna tukio katika historia ya kazi bondeni linalozidi hilo kwa uzito, na inaniuma kwamba nje ya Kidatu ni wachache wanaolijua. Wanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Issa Shivji miongoni mwao, waliliweka katika maandishi yao kuhusu haki za raia, na bila wao lingebaki minong'ono. Watu walikuwa kwenye shirika la umma, katika nchi iliyojiita ya wakulima na wafanyakazi, wakiwa na jumuiya moja ya wafanyakazi iliyowakata ada kila mwezi. Jumuiya hiyo haikuwa na njia ya kuyafikisha madai yao mahali pa kusikilizwa kabla hayajafika barabarani, na haikuwa na ujasiri wa kusimama kati yao na bunduki. Uzito wa jumuiya isiyo huru ulionekana siku ile kwa namna ambayo hotuba haiwezi kuifuta.

Vyama vyatengana na chama, kampuni yauzwa, 1991–2000

Mageuzi ya kisiasa yalipokuja, JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991, na chini yake vikaanza kuundwa upya vyama vya sekta. Cha mashambani kilipewa jina la TPAWU. Sheria mpya ya vyama ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, ilivipa uhai wa kujitegemea, na shirikisho la sasa, TUCTA, likafuata.

Uhuru huo ulifika pamoja na kupoteza ajira. Aprili 1998 kampuni ya Kilombero iliuzwa kwa Illovo ya Afrika Kusini pamoja na ED&F Man ya Uingereza, serikali ikibaki na asilimia 25. Viwanda vilivyochoka vilifufuliwa, na sukari iliongezeka sana. Hilo lazima lisemwe. Lakini wafanyakazi wengi wa kudumu walipunguzwa, na kazi kadhaa za shambani zikahamia kwa makandarasi. Mtu yuleyule aliyekata miwa ileile sasa aliajiriwa na mtu mwingine, kwa mkataba mwingine, mara nyingi bila mkataba ulioandikwa. TPAWU ilipata uhuru wake na kukuta kambi imegawanywa.

Wanawake walikuwa wamekwisha kuujua mgawanyiko huo. Mwaka 1995 Marjorie Mbilinyi na Ave Maria Semakafu waliliandikia Shirika la Kazi Duniani kuhusu jinsia na ajira kwenye mashamba ya miwa ya Tanzania. Palizi, mbolea na upandaji wa mbegu, kazi za kibarua zenye malipo madogo, ndizo zilizojaa wanawake. Chama kilichozungumza na mafundi wa kiwanda kilizungumza na wanaume.

Fomu ya makato, 2004 na kuendelea

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilibadilisha masharti ya mchezo. Mwakilishi wa chama ana haki ya kuingia eneo la mwajiri kuandikisha wanachama. Ada haikatwi mpaka mfanyakazi mwenyewe ajaze fomu, ile wanayoiita TUF 6. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika, kinakuwa wakala pekee wa majadiliano na mwajiri analazimika kukaa nacho kutengeneza mkataba wa hali bora. Mahali penye wanachama zaidi ya 100, wawakilishi ni 15, na watano kati yao angalau wawe wa kuwawakilisha wanawake. Mwanamke ana siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini ana hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha.

Fomu hiyo ya karatasi moja imefanya kazi ambayo makato ya lazima hayakuifanya kwa miaka 30. Inamlazimisha mratibu kwenda kwa mtu. Atamkuta wapi? Kwenye shamba la miwa mazungumzo hufanyika wakati wa kupumzika chini ya mti, au jioni watu wanapooga masizi, au kwa mama lishe anayewauzia chai na maandazi na anayejua nani hajalipwa. Mratibu hueleza mkataba wa hali bora unasema nini juu ya buti, glavu na miwani, nani anagharamia panga, mgonjwa anapelekwaje zahanati. Mtu huuliza swali moja kabla ya kuweka sahihi au dole gumba: mkinikata, nikifukuzwa mtafanya nini?

Ni swali la haki, maana sheria ileile ina tundu. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja. Msimu wa miwa ni mrefu kuliko hapo, lakini mwenye kuajiriwa katikati ya msimu, au anayehamishwa toka mkandarasi mmoja kwenda mwingine, hafiki. Akifukuzwa wiki moja baada ya kujaza fomu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina kidogo cha kumsaidia, isipokuwa chama kiweze kuonyesha kwamba amebaguliwa kwa uanachama wake. Ndiyo maana chama hupenda kuanzia kiwandani, na ndiyo maana mkataji huwa wa mwisho kufikiwa. Naielewa sababu hiyo. Siikubali kuwa mwisho wa jambo.

Kusini, kwenye mpunga na misaji

Ukivuka Ifakara kuelekea Mlimba, hadithi ina sura nyingine, na nitaipita haraka. Mngeta lilianzishwa shamba kubwa la mpunga kwa ushirikiano na Korea Kaskazini mwaka 1986. Mwaka 2008 likaja mikononi mwa Kilombero Plantations Limited, likiwa na hekta zaidi ya 5,800, likatangazwa kuwa mfano wa mpango wa kilimo wa SAGCOT, na mwishoni mwa muongo uliofuata likazama katika madeni. Upande wa Ulanga na Kilombero, kampuni ya misaji ya KVTC ilipanda miti yake tangu miaka ya 1990. Kote huko wameajiriwa vibarua wa palizi, uvunaji na ulinzi. Mashamba yanayobadilisha wamiliki kila mara hayatoi muda wa kujenga tawi, na mwekezaji akiondoka, madai ya kibarua hubaki nyuma ya madai ya benki. Kwenye mpunga wa wakulima wa Ifakara, wanawake wanaopandikiza na kupalilia hukubaliana bei ya ekari kwa kundi, kiongozi wao akizungumza na mwenye shamba kabla mtu hajaingia kwenye maji. Hawana usajili wowote. Lakini bei wanaipanga wao, na wanaipanga kabla kazi haijaanza.

Wakulima wa nje na wakataji wao

Badiliko kubwa la karne hii Kilombero ni kwamba miwa imehamia kwa wananchi. Wakulima wa nje wamekuwepo tangu siku za mwanzo za Msolwa, ila baada ya ubinafsishaji walizidi 8,000. Vyama vyao, kikiwemo cha Kilombero kinachojulikana kama KCGA na kile cha Ruembe, ROA, na baadaye vyama vya ushirika, vilipata nguvu ya kweli. Walipigania bei, walipigania mizani, walihoji kipimo cha utamu wa muwa kinachoamua malipo yao. Wenye ekari mbili waliweza kusema na kampuni ya kimataifa. Ni ushindi ninaouheshimu.

Nani hukata miwa yao? Mara nyingi ni vibarua wanaoajiriwa na chama cha wakulima au mkandarasi wake, na malipo yao hutolewa kwenye fedha ya mkulima kabla haijamfikia. Hivyo mkataji anapoomba nyongeza, anayemkatalia si mzungu wa HVA wala meneja wa shirika la umma. Ni mzee jirani mwenye ekari mbili, ambaye naye analalamikia bei. Sheria yetu ya kazi imeandikwa kwa mwajiri mwenye geti na daftari. Inaposema zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo, eneo la mtu anayekata shamba hili leo na lile kesho ni lipi?

Mwaka 2021 serikali na kampuni walitia sahihi upanuzi wa kiwanda, kwa lengo la kupandisha uzalishaji kutoka tani 127,000 za sukari kwa mwaka hadi 271,000, na kwa matumaini kwamba miwa ya wakulima itaongezeka karibu mara tatu. Kima cha chini cha kilimo kilichoanza kutumika Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi; kabla yake, tangu 2013, kilikuwa 100,000. Miwa hiyo yote, kwa sehemu kubwa, inasubiri mtu wa kuinama.

Chama kinachotaka kumfikia kina mambo ya kuanza nayo, na baadhi yake historia imekwisha kuyajaribu. Uandikishaji ufanywe mwezi wa kwanza wa msimu, kambini kama walivyofanya watu wa Mkello, na kwa mama lishe, na kadi ya uanachama imfuate mtu hata akihama mkandarasi au akirudi Njombe na kuja tena mwakani. Wawakilishi watoke mistarini, wanawake wa palizi wakiwemo. Na kuna jambo la kudai lenye tarehe na mahali pake. Kila mwaka wakulima na kampuni hukaa chini ya mkataba wa ununuzi wa miwa na kupanga mgawo, ratiba ya kuchoma na masharti ya malipo. Mkataji hana kiti hapo. Bei ya tani ya kukata, vifaa, na siku ya kulipa vingeweza kuandikwa kwenye mkataba uleule, chama cha wafanyakazi kikiwa upande wa tatu, ili gharama ya ukataji igawanywe kati ya kiwanda na mkulima badala ya kumwangukia mkulima peke yake. Wakulima wana sababu ya kuunga mkono, kwa kuwa shamba lililochomwa likakosa watu linawaumiza wao kwanza. Kikao hicho hufanyika kabla ya moto wa kwanza wa msimu kuwashwa, na huo ndio wakati ambao mkataji ana nguvu zaidi ya kusikilizwa.